Araknida: maana ya neno na asili yake ya Kigiriki (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ukurasa huu umetokana na maswali ninayoulizwa na wanafunzi wa sekondari hapa Mwanza, wazazi wao, na wafugaji wa wilaya za jirani. Nafundisha Biolojia. Kinachoniuma ni kuona mtoto mwenye akili anakesha akikariri Arthropoda, Chelicerata, Arachnida, halafu anaingia kwenye mtihani bila kujua hata neno moja kati ya hayo lina maana gani. Majina haya yalitungwa na watu, tena kwa sababu, na kila moja linamweleza mnyama mwenyewe. Ukishaijua sababu, huna haja ya kukariri.

Araknida maana yake nini?

Ni jina la kundi la wanyama ambamo buibui ndiye anayejulikana zaidi. Wamo pia nge, kupe, utitiri na jamaa zao wengine. Neno lina sehemu mbili. Ya kwanza ni *arákhnē*, neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya buibui, ambalo lilitumika pia kwa utando wake. Ya pili ni kiishio -ida, kilichotokana na *-ides*, ambacho Wagiriki walikitumia kuonyesha uzao au ukoo. Mwana wa Atreus aliitwa Atreides, nasi tungesema fulani bin Atreus. Hivyo araknida, kwa tafsiri ya karibu, ni "wa ukoo wa buibui".

Ndiyo maana nge anaitwa araknida ingawa hafumi utando wowote. Jina halidai kwamba yeye ni buibui, linasema tu kwamba wana undugu.

Linatamkwaje, na tuliandikeje kwa Kiswahili?

Herufi ya katikati kwa Kigiriki ni khi. Wagiriki wa leo huitamka karibu na kh yetu ya "Alkhamisi". Warumi walipoliandika kwa herufi zao waliweka ch, na hapo ndipo wanafunzi wangu wanapoteleza, wakaisoma kama ch ya "chai". Isome k. Kwa Kiswahili naandika araknida. Wapo wanaoandika arakinida, na sina ugomvi nao. Kwenye jibu la mtihani, jina la ngeli ya wanyama huandikwa Arachnida, kwa herufi kubwa mwanzoni.

Hadithi ya msichana aliyegeuzwa buibui ikoje?

Simulizi kamili tuliyo nayo ni ya Ovid, mshairi wa Roma, katika kitabu cha sita cha Metamorphoses, kazi aliyoikamilisha takriban mwaka 8 BK. Arachne alikuwa binti wa Lydia, nchi ambayo leo ni magharibi mwa Uturuki. Baba yake, Idmon wa Colophon, alifanya kazi ya kutia sufu rangi ya zambarau. Hawakuwa watu wa cheo, na jina la binti lilivuma kwa kazi ya mikono yake tu. Watu walitoka mbali kuja kumtazama akifuma, si kuona nguo iliyokwisha bali kuona kazi ikifanyika.

Wakasema bila shaka amefundishwa na mungu wa kike wa ufumaji, ambaye Wagiriki walimwita Athena na Warumi Minerva. Arachne akakana, akasema yuko tayari kushindana naye. Minerva akamjia katika umbo la bibi kizee, akamsihi aombe radhi. Binti akakataa. Wakakaa kila mmoja kwenye mtambo wake. Minerva akafuma ushindi wake juu ya Neptune, mungu wa bahari, walipogombea mji wa Athens. Arachne akafuma miungu ikiwahadaa wanawake: Jupiter kajigeuza fahali akimchukua Europa, Jupiter kajigeuza bata maji kwa Leda, na wengine wengi.

Hapa naomba msomaji aende taratibu, kwa sababu wengi husimulia kwamba Arachne alishindwa. Ovid hasemi hivyo. Anasema Minerva hakuweza kupata kasoro katika kazi ile, na kwa hasira akaichana nguo, akampiga binti kwenye paji la uso kwa kifaa cha kufumia. Arachne hakuvumilia, akajitia kitanzi. Minerva akamwinua akiwa bado ananing'inia, akamnyunyizia maji ya mmea wa Hecate, mungu wa kike wa uchawi. Nywele zikapukutika, pua na masikio vikatoweka, kichwa kikasinyaa, vidole vyembamba vikajishika ubavuni vikawa miguu, na mwili wote uliobaki ukawa tumbo. Toka hapo anaendelea kufuma.

Kwa hiyo buibui aliitwa kwa jina la msichana huyo?

Hapana, ni kinyume chake. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, hata kwa walimu wenzangu. *Arákhnē* lilikuwa neno la kawaida kabisa la Kigiriki karne nyingi kabla ya Ovid kuzaliwa. Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyeishi karibu mwaka 700 KK, anamtaja buibui akitanda nyuzi zake hewani. Katika Odyssey ya Homer, kitabu cha 16, Telemachus anarudi nyumbani na kumuuliza Eumaeus, mchunga nguruwe, kama mama yake bado anamsubiri Odysseus au ameshaolewa na mwingine, na kitanda cha baba yake kimebaki kitupu kimejaa tandabui. Neno alilotumia ni *arákhnia*. Kijana hakuwa akifikiria hadithi yoyote ya mashindano. Alikuwa anataja uchafu unaoota kwenye nyumba iliyoachwa, ule ule unaokuta kwenye chumba kilichofungwa miezi miwili kule Igogo au Kirumba.

Msichana wa hadithi ndiye aliyepewa jina la mdudu, ili hadithi ieleze kwa nini buibui anafuma.

Wagiriki walikuwa na neno hilo moja tu?

Walikuwa na *phalángion* pia, hasa kwa buibui wenye sumu. Mwanafalsafa Aristotle anawagawa hivyo, na anamtaja pia mmoja aliyeitwa "mbwa mwitu", *lýkos*. Jina hilo liko hai mpaka sasa: buibui wanaokimbiza mawindo yao ardhini bila kutega utando wako katika familia ya Lycosidae. Mmoja wao aliishi karibu na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, mji ulioanzishwa na wahamiaji wa Kigiriki kutoka Sparta. Kutoka kwenye jina la mji huo tukapata "tarantula", ambalo baadaye watu walilihamishia kwa buibui wakubwa wenye manyoya ambao si ndugu wa karibu wa yule wa Taranto.

Sisi tunasema buibui ni mdudu. Tunakosea?

Katika mazungumzo ya kawaida, hapana. "Mdudu" la Kiswahili ni pana, linabeba hata mnyoo na vijidudu vya magonjwa. Tatizo linaanza darasani, ambapo "mdudu" hutumika kutafsiri Insecta, yaani wenye miguu sita.

Wala usidhani wataalamu walijua tofauti hiyo tangu zamani. Mwaka 1758 Linnaeus, baba wa majina ya kisayansi ya wanyama, aliwaweka buibui na nge ndani ya Insecta, katika fungu aliloliita Aptera. Hilo nalo ni la Kigiriki: *a-* ni "bila", *pterón* ni "bawa". Aliwaona ni wadudu wasio na mabawa, basi. Mfaransa Lamarck ndiye aliyewatoa humo mwanzoni mwa karne ya 19, akawapa kundi lao na kuliita kwa jina la buibui. Kwa hiyo neno arákhnē lina umri wa karibu miaka 3,000, lakini kazi tunayolipa darasani ina miaka 200 na ushei tu.

Nitamtambuaje araknida kwa macho?

Hesabu miguu: minane. Tafuta vipapasio kichwani: hana. Tafuta mabawa: hana. Mbele ya mdomo ana jozi ya viungo vya kung'atia viitwavyo chelisera, ambavyo kwa Kigiriki ni "pembe zenye makucha": *khēlē*, kucha la kaa, na *kéras*, pembe. Nyuma yake kuna jozi nyingine, pedipalpi, na kwa nge hiyo ndiyo iliyokua ikawa yale makoleo mawili ya mbele. Wanafunzi wengi huyahesabu makoleo kama miguu na kupata kumi.

Mwili wa buibui una sehemu mbili: kichwa na kifua vimeungana, halafu tumbo. Kwa kupe sehemu zote zimeungana kiasi kwamba unaona kifuko kimoja. Na ukikuta kupe mchanga kabisa, aliyetoka kwenye yai, utamhesabia miguu sita. Huyo hajakosewa, miguu miwili inaongezeka akishajibadilisha ngozi.

Kwa nge kuna jambo zuri ambalo ningependa kila mtoto wa Mwanza alione, maana mji wetu ni wa mawe na nge wanapenda kukaa chini ya mawe. Chukua ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Usiku wa giza, mmulike nge kwa mbali. Mwili wote unang'aa rangi ya kijani yenye ubuluu. Mwanga huo unatokana na kemikali zilizomo kwenye gamba lake, na ndivyo watafiti wanavyowatafuta porini. Vaa viatu vilivyofunika miguu, na usimshike.

Tandu, jongoo na kaa ni araknida?

Hapana. Wote hao ni Arthropoda, "wenye miguu ya viungo" (*árthron*, kiungo, *poús*, mguu), lakini kila mmoja ana kundi lake. Chawa, kunguni na kiroboto pia hapana, hao wana miguu sita.

Mimi ni mfugaji. Neno hili la buibui linanihusu nini?

Linakuhusu kuliko linavyomhusu mwanafunzi. Kupe ni araknida, na kwa mfugaji wa Magu, Misungwi au Sengerema hakuna araknida mwenye hasara kubwa kuliko kupe wa sikio, *Rhipicephalus appendiculatus*. Jina lake la kwanza ni la Kigiriki tupu: *rhipís*, upepeo, na *kephalē*, kichwa. Ukimweka chini ya kioo cha kukuzia utaona sehemu ya kichwa imechongeka pembe pembe na kupanuka, na hapo mtu aliyetunga jina hutamlaumu.

Mshike ng'ombe wako sikio, ligeuze ndani nje. Wale wekundu wa udongo walioganda pale ndani kwenye ngozi laini ndio wenyewe. Wanaeneza *Theileria parva*, kijidudu kinachosababisha ndigana kali. Kupe huyu hutumia wanyama watatu katika maisha yake. Akinyonya akiwa mchanga hudondoka, hubadilika kwenye nyasi, hupanda mnyama mwingine, hudondoka tena, hupanda wa tatu. Kila anapopanda upya anaweza kuja na ugonjwa alioutoa kwa mnyama aliyetangulia. Ndiyo maana kuogesha ng'ombe mmoja anayeonekana mgonjwa na kuwaacha wengine hakusaidii, na josho la leo haliondoi haja ya josho la baadaye.

Ukiona homa kali, tezi zimevimba chini ya sikio au mbele ya bega, ng'ombe anakohoa na kupumua kwa shida, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ipo, lakini inafanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mwanzoni. Muulize pia kuhusu chanjo ya ndigana kali.

Mwanangu kaja na upele kutoka bweni. Nao ni araknida?

Ndiyo, mama. Upele huu unaowasha zaidi usiku unaletwa na utitiri aitwaye *Sarcoptes scabiei*. *Sárx* ni nyama ya mwili na *kóptein* ni kukata: mkata nyama. Jike huchimba njia ndani ya ngozi ya juu na kutaga mayai humo. Hafikii hata nusu milimita, ndiyo maana humwoni. Watibiwe wote wanaolala nyumba moja kwa wakati mmoja, hata wasiojikuna, na nguo na mashuka yafuliwe, la sivyo mtarudishiana. Na asiambiwe mtoto kwamba ni mchafu. Utitiri huyu huhama kwa kugusana ngozi, na watoto wa bweni wanalala karibu karibu.

Nimesikia kuna buibui wa Ziwa Victoria anayekunywa damu. Ni kweli?

Yupo, lakini hakunyonyi wewe. Anaitwa *Evarcha culicivora*, ametambulishwa rasmi kwa jina hilo mwaka 2003, na amechunguzwa sana upande wa Kenya, hasa Mbita, pale ziwani. Ni buibui mrukaji, mdogo tu, wa milimita chache. Hategi utando. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa, na anawinda kwa kuona: anamtazama mbu, anamkaribia kwa kunyata, anamrukia.

Kilichowashangaza watafiti ni uchaguzi wake. Akipewa nafasi ya kuchagua, anapendelea mbu jike aliyekwisha kushiba damu, na anaweza kumtambua hata kwa harufu. Kwa hiyo anapata damu ya binadamu au ya mnyama kupitia tumbo la mbu. Kati ya mbu anawapenda zaidi Anopheles, wale wanaoeneza malaria. Anopheles hutua akiwa ameinua tumbo juu, na buibui mchanga huutumia mkao huo: anazunguka kwa nyuma na kumshambulia kutokea chini. Mlo wa damu humpa pia harufu inayovutia mwenzi. Hata hivyo chakula chake cha kila siku ni wale vijidudu visivyouma vinavyopanda juu ya ziwa kwa mawingu, maana hao ndio wengi.

Jina lake la pili, safari hii, si la Kigiriki bali la Kilatini: *culex*, mbu, na *vorare*, kumeza. Nalipenda kuliko majina yote niliyoyataja hapa. Buibui warukaji wa aina mbalimbali wapo kwenye kuta za nyumba zetu pia. Utamwona mchana, ukutani upande unaopata jua, anageuza mwili wote kukutazama unaposogeza kidole. Mwache. Na chandarua uendelee kulala ndani yake, buibui hawezi kumaliza mbu wa nyumba nzima.

Araknofobia ni nini?

*Phóbos* ni hofu. Ni woga wa buibui uliopita kiasi, mpaka mtu anashindwa kuingia chumbani. Ni tatizo linalotibika, hasa kwa kumzoesha mtu kidogo kidogo akiwa na mtaalamu.

Kwenye karatasi ya hospitali ya baba wameandika "subarachnoid". Ana buibui kichwani?

Hana, na pole kwa kuuguza. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na tando tatu. Ule wa katikati unaitwa araknoidi, yaani "wenye umbo la tandabui" (*eîdos*, umbo), kwa sababu una nyuzi nyembamba sana zinazoushikiza kwenye utando wa chini yake. *Sub* ni "chini" kwa Kilatini. Chini ya araknoidi kuna nafasi yenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Damu ikivuja humo ni dharura kubwa, na dalili yake mashuhuri ni kichwa kuuma ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuupata. Lakini neno hilo peke yake si ugonjwa. Mama aliyepigwa ganzi ya mgongoni kwa ajili ya upasuaji wa uzazi alichomwa sindano katika nafasi hiyo hiyo. Mwombe daktari akueleze neno lililofuata baada ya "subarachnoid", maana hilo ndilo lenye habari ya baba.

Ankabut la Kiarabu na arákhnē ni neno moja?

Si moja. 'Ankabūt ni la lugha za Kisemiti. Wasomaji Waislamu wanalijua kutoka sura ya 29 ya Kurani, Al-Ankabut, ambapo aya ya 41 inaitaja nyumba ya buibui kuwa dhaifu kuliko nyumba zote. Wenye undugu na arákhnē wako Ulaya: Kilatini *aranea*, Kifaransa *araignée*, Kireno *aranha*.

Karanga kitaalamu ni Arachis. Nazo ni za ukoo wa buibui?

Swali hili niliulizwa na kijana wa Ukerewe, na ni zuri. Hapana. *Arachis hypogaea* limetoka kwenye neno jingine la Kigiriki, *árakos*, mmea wa jamii ya kunde. *Hypó* ni chini na *gê* ni ardhi: karanga iliyo chini ya ardhi, kwa sababu ua likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka na kuzama udongoni, na karanga hukomaa humo. Wale wa kidato cha tano na sita mtakutana pia na asidi ya arakidoni. Nayo ni ya upande wa karanga. Ukiona Arach- na herufi inayofuata ni n, hilo ni la buibui. Ikifuata i, rudi shambani.